Mtoto mmoja, ngazi mbili: maana ya kupanga masomo kwa uwezo, na namna ya kumwandaa mtoto kwa mtihani

Mzazi wa Tanzania akiziona herufi PSLE, yaani mtihani wa kumaliza elimu ya msingi, akili inakwenda moja kwa moja darasa la saba: namba ya mtahiniwa, sare iliyopigwa pasi, kisha kusubiri matokeo ya NECTA. Singapore nao wana PSLE yao, tangu 1960, na huko wanaoifanya ni watoto wa darasa la sita, wenye miaka kumi na miwili hivi. Herufi ni zile zile, lakini ndani yake mna jambo ambalo mtihani wetu hauna. Watoto wawili wa darasa moja wanaweza kuingia kwenye Hisabati asubuhi ile ile, wakapewa karatasi mbili tofauti, moja nyepesi kuliko nyingine, na wote wawili wakahesabiwa kuwa wamefanya PSLE.

Jambo hilo ndilo linaloitwa ngazi za masomo kwa uwezo. Kulielewa kunataka kwanza tulitenge na neno tulilolizoea, yaani mkondo. Shule zetu zina mkondo A na mkondo B, na mara nyingi ni suala la wingi wa watoto tu. Lakini kila aliyesoma anaijua shule ambayo A walikuwa vichwa na B walikuwa “wale wengine”. Huko mtoto alipangwa mzima mzima: akiwa dhaifu wa hesabu, na Kiswahili chake kizuri kilimfuata huko huko B. Ngazi ya somo haifanyi hivyo. Kinachopangwa ni somo.

Masomo ya PSLE ya Singapore ni manne: Kiingereza, Hisabati, Sayansi na lugha ya mama, ambayo kwa wengi ni Kichina, Kimalay au Kitamil. (Usilichukulie jina hilo kama lilivyo, nyumba nyingi za Singapore siku hizi zinaongea Kiingereza, na “lugha ya mama” ndiyo inayowatoa watoto jasho.) Darasa la tano na la sita, kila somo kati ya hayo lina ngazi mbili. Ipo ngazi ya kawaida, wanayosoma watoto wengi, na ipo ngazi ya msingi, yenye mada chache na mwendo wa taratibu. Aljebra, kwa mfano, imo katika Hisabati ya kawaida, lakini katika ile ya msingi haimo; badala yake wanarudia yale ya madarasa ya chini mpaka yakae. Kwa hiyo mtoto anaweza kusoma Kiingereza, Sayansi na Kimalay kwa ngazi ya kawaida, Hisabati peke yake kwa ngazi ya msingi. Na anayeimudu sana lugha ya mama anaweza kuongezewa ile ya juu.

Mpango huu una historia, na si historia nzuri sana. Mwaka 1979, baada ya ripoti ya Naibu Waziri Mkuu Goh Keng Swee, Singapore ilianza kuwagawa watoto katika mikondo wakiwa bado wa darasa la tatu. Lengo lilikuwa kupunguza idadi ya waliokuwa wakianguka na kuacha shule, na kwa hilo haikuwa fikra ya kipuuzi. Miaka ya tisini mgawo ukasogezwa mwisho wa darasa la nne, mikondo ikaitwa EM1, EM2 na EM3. Hiyo EM3, ya chini kabisa, ikageuka jina la dharau. Mtoto wa miaka kumi akiulizwa yuko mkondo gani, alikuwa anajua anachoulizwa hasa. Mwaka 2008 mikondo ya msingi ikafutwa, zikaja ngazi za masomo.

Nani anaamua? Mwisho wa darasa la nne shule inatazama matokeo ya mtoto, inapendekeza ngazi ya kila somo, na mzazi anapewa fomu achague. Anaweza kukubali, anaweza kukataa. Mwisho wa darasa la tano shule inatazama tena, na panapo haja inabadilisha. Mzazi asichokuwa nacho ni muda: kutoka fomu ile hadi mtihani ni miaka miwili kasoro.

Sasa tuje kwenye alama, maana hapa ndipo wazazi wanapokosea hesabu.

Tangu 2021 kila somo linapewa kiwango cha ufaulu (AL, yaani Achievement Level) kuanzia AL1 hadi AL8. Namba ndogo ndiyo nzuri, kama pointi zetu za kidato cha nne, ambapo 7 ndiyo ya kujivunia. Alama 90 na kuendelea ni AL1. Kuanzia 85 ni AL2, 80 ni AL3, 75 ni AL4, 65 ni AL5. Kisha viwango vinapanuka: 45 hadi 64 yote ni AL6, 20 hadi 44 ni AL7, chini ya 20 ni AL8. Unajumlisha masomo manne, unapata namba kati ya 4 na 32. Mfumo wa zamani ulimlinganisha mtoto na wenzake wote wa mwaka ule, hata alama moja ya mwenzake ilimgusa. Huu wa sasa unampima kwa alichokifanya yeye.

Somo la ngazi ya msingi lina alama zake: A ni 75 na zaidi, B ni 30 hadi 74, C ni chini ya 30. Lakini zikiingia kwenye jumla zinabadilishwa: A inahesabiwa kama AL6, B kama AL7, C kama AL8. Maana yake, mtoto akipata 100 kamili ya Hisabati ya msingi, kwenye jumla anaandikiwa sawa na aliyepata 45 ya Hisabati ya kawaida. Mzazi akisikia hivyo anashika kichwa, anasema mwanangu asishushwe.

Tulia kwanza, tupige hesabu. Chukua mtoto wa kubuni mwenye AL4 ya Kiingereza, AL5 ya Sayansi na AL3 ya lugha ya mama. Hiyo ni 12. Hisabati ya kawaida anapata thelathini na kitu, yaani AL7: jumla 19. Akihamia ngazi ya msingi akapata 80, anahesabiwa AL6: jumla 18. Ameshuka ngazi, jumla imekuwa bora, na saa alizokuwa anazilia kwenye aljebra zimerudi kwenye Sayansi. Sasa mchukue mwingine anayepata 60 ya kawaida na bado anapanda. Huyu akishushwa ameibiwa. Yuko alama tano tu chini ya AL5, na hiyo AL5 ngazi ya msingi haiwezi kumpa hata afanyeje. Kwa hiyo swali la kujiuliza juu ya fomu ile si kama mtoto “ana akili ya hesabu”. Ni hili: kwa miaka miwili iliyobaki, anaweza kuvuka 45 kwa uthabiti au hawezi? Mimi naona wazazi wengi wanajibu swali la heshima ya nyumba badala ya hili.

Maandalizi nayo yanafuata mantiki ile ile. Kama masomo yamepangwa moja moja, hakuna ratiba moja ya “kusoma kwa bidii” inayofaa yote.

Hisabati ndiyo yenye sifa ya kutisha. Ina karatasi mbili. Ya kwanza bila kikokotoo, ya pili na kikokotoo (cha hesabu, si cha mafao). Mwaka 2021 swali moja lilizua gumzo nchi nzima, watoto wakatoka wanalia. Kwa ufupi lilisema: Helen na Ivan wana idadi sawa ya sarafu, za senti 50 na za senti 20. Helen ana sarafu 64 za senti 20, Ivan ana 104. Nani ana pesa nyingi, na kwa kiasi gani? Kisha: sarafu za Helen zina uzito wa kilo 1.134, na sarafu moja ya senti 50 imezidi ya senti 20 kwa gramu 2.7. Za Ivan zina uzito gani?

Mtoto aliyekaririshwa anatafuta kwanza kila mtu ana sarafu ngapi kwa jumla. Hatazipata, kwa sababu hazipo. Aliyefundishwa kuchora anachora mistatili miwili mirefu iliyolingana, mmoja wa Helen, mwingine wa Ivan, anakata kila mmoja vipande viwili, na jibu linajitokeza lenyewe: Ivan amezidi sarafu 40 za senti 20, basi Helen lazima amezidi sarafu 40 za senti 50. Kila jozi inampa Helen faida ya senti 30. Mara 40, ni dola 12. Na uzito? Gramu 2.7 mara 40 ni 108. Toa kwenye 1,134, zinabaki 1,026: kilo 1.026. Hakuna hesabu hapo inayomshinda mtoto wa darasa la tano. Kilichowashinda ni kuanza.

Uchoraji huo wa mistatili ndio alama ya Hisabati ya Singapore. Shule zao zimeufundisha tangu miaka ya themanini: kwanza mtoto anashika vitu kwa mkono, halafu anachora, namba na alama zinakuja mwisho. Mzazi anayemsaidia mtoto nyumbani kwa njia yake ya zamani ya x na y anafikiri anamrahisishia. Mara nyingi anamchanganya. Afadhali amwambie, “Nichoree.” Basi. Asipoweza kuchora, hajaelewa swali, na hapo ndipo pa kurudi.

Kwa aliye ngazi ya msingi, mazoezi ni tofauti. Maswali ya namna ya Helen na Ivan hayamsaidii, yanamvunja moyo. Huyu anahitaji sehemu, desimali, asilimia na vipimo vikae mkononi kama jina lake, maana lengo lake ni ile A ya 75. Makosa yake yatengwe: haya hakujua, haya alijua akakosea kunakili, haya hakuyafikia kwa sababu muda uliisha. Yanayotokana na kunakili yanapona kwa wiki mbili. Yale ya kutojua yanataka mwalimu.

Lugha zina mtihani wa mdomo, unaofanyika Agosti, wiki kadhaa kabla ya karatasi za kuandika. Mtoto anasoma kwa sauti, kisha anaonyeshwa picha au video na kuzungumza na mtahini: anaona nini, anaonaje, imewahi kumtokea? Hili halisomwi kwenye vitabu vya maswali. Mtoto anayeulizwa maoni yake mezani wakati wa chakula amejiandaa bila kujua. Anayejibiwa “nyamaza ule” anaingia chumba kile na maneno matatu. Sayansi nayo ina mtego wake: maswali ya kujieleza yanataka sababu iunganishwe na kilichoonekana kwenye jaribio, na mtoto anayejua jibu lakini anaandika nusu sentensi anapata nusu alama.

Juu ya yote hayo kuna tuisheni. Takwimu za serikali za 2023 zinaonyesha familia za Singapore hutumia takriban dola za huko bilioni 1.8 kwa mwaka kwa tuisheni. Serikali kwa upande wake imekuwa ikipunguza mitihani: darasa la kwanza na la pili hawafanyi tangu 2019, na mitihani ya katikati ya mwaka iliondolewa madarasa yote ya msingi na sekondari kufikia 2023. Mitihani imepungua, masomo ya jioni yamebaki. Na bado mtoto ana saa zile zile za kulala.

Matokeo hutoka Novemba, na jumla inampeleka mtoto kwenye kundi la kujiunga na sekondari. Jumla ya 4 hadi 20 ni kundi la tatu, ambalo ndilo la juu. Mwenye 21 au 22 anachagua la tatu au la pili, 23 na 24 ni la pili, 25 anachagua la pili au la kwanza. Kuanzia 26 hadi 30 ni la kwanza, ila awe na angalau AL7 katika Kiingereza na Hisabati. Zamani makundi haya yangekuwa mikondo mitatu ya sekondari, kila mmoja na jina lake na aibu yake. Ong Ye Kung, wakati huo Waziri wa Elimu, alitangaza mwaka 2019 kwamba mikondo hiyo itaondolewa, na walioingia kidato cha kwanza 2024 hawakuikuta. Sasa kila somo la sekondari lina ngazi G1, G2 au G3, ya juu ikiwa G3, na hapo zile alama za PSLE zinaonekana moja moja tena. Mtoto wa kundi la kwanza au la pili aliyepata AL5 au bora zaidi ya somo la ngazi ya kawaida anaruhusiwa kulisoma somo hilo kwa G3 tangu mwanzo. Aliyepata AL6 ya kawaida, au A ya ngazi ya msingi, analisoma kwa G2. Kuanzia 2027 wote watafanya mtihani wa cheti kimoja, na kwenye cheti hicho kila somo litaandikwa pamoja na ngazi yake.