Mvinyo Chini ya Nyumba: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Ukiwa na chumba chini ya nyumba na chupa kadhaa za mvinyo, washauri hawakosekani. Mengi wanayoyasema yana chembe ya ukweli, na chembe hiyo ndiyo inayofanya makosa yake yasionekane upesi.

Dhana: Chumba kikiwa chini ya ardhi, baridi yake inatosha.

Hii naitanguliza kwa kuwa nyingine nyingi zimejengwa juu yake. Ni kweli kwamba ardhi hutuliza joto, lakini inategemea umeshuka kina gani. Chini ya jengo la wanaastronomia mjini Paris kuna mahandaki yenye kina cha mita 28 hivi, na humo joto hubaki karibu nyuzi 12 za Selsiasi mwaka mzima. Utulivu huo ulijulikana mapema, hata mwishoni mwa karne ya 18 kikawekwa humo kipimajoto kilichotengenezwa na mkemia Mfaransa Lavoisier. Chumba cha nyumba ya kawaida kimeshuka mita mbili au tatu tu. Kwa kina hicho majira bado yanafika, ila yanachelewa na yanafika yamepungua makali. Halafu tunaweka humo boila, mashine ya kufulia na friji kuukuu inayopumua joto mchana kutwa, kisha tunakiita chumba cha baridi!

Dawa yake ni rahisi: kipimajoto kinachohifadhi kiwango cha juu na cha chini. Kisiwekwe mlangoni, kiwekwe palepale chupa zitakapolala, kiachwe wiki nzima wakati wa joto na wiki nyingine wakati wa baridi. Mara nyingi utakuta rafu ya karibu na dari ina joto kuliko sakafuni, na ukuta ulioegemea udongo umetulia kuliko ule unaopakana na vyumba vingine. Basi chupa zikae chini, kwenye ukuta huo, mbali na boila.

Dhana: Ni lazima joto liwe nyuzi 13 barabara.

Kati ya 10 na 15 hakuna wa kukulaumu. Hata chumba kinachokaa kwenye 18 bila kuyumba hakiharibu mvinyo, kinauzeesha haraka zaidi tu. Kibaya ni kupanda na kushuka. Joto likipanda, mvinyo hutanuka na kukisukuma kizibo. Likishuka, husinyaa na kuvuta hewa ndani. Mchezo huo ukirudiwa mara nyingi, oksijeni hupata njia. Chupa iliyopitia hayo wakati mwingine hujitangaza yenyewe: kizibo kimechomoza kidogo juu ya mdomo, au shingoni, chini ya ile karatasi ya bati, pana mchirizi mkavu unaonata. Ukiiona hiyo, usiitunze tena, ifungue leo.

Dhana: Chupa isipolazwa, kizibo hukauka na mvinyo huharibika.

Hewa iliyofungiwa ndani ya chupa tayari imejaa unyevu, kwa hiyo upande wa ndani wa kizibo haukauki upesi kama watu wanavyohofia. Chupa ya kunywewa ndani ya miezi michache isimame tu. Ya kukaa miaka, ilaze. Haina hasara na inaokoa nafasi. Yenye kifuniko cha kuzungusha haijali imelala au imesimama, na mvinyo wa mapovu unaweza kusimama bila wasiwasi.

Dhana: Unyevunyevu ukizidi ndiyo vizuri.

Asilimia 60 hadi 70 inatosha. Ukivuka hapo sana, mvinyo wenyewe hauna shida, lakini lebo hubanduka, maboksi ya karatasi hulainika, na kuvu huanza kutambaa. Kuvu lililo juu ya kizibo si dalili kwamba kilichomo kimeoza: futa kwa kitambaa kibichi, kisha fungua. Kosa kubwa huja wakati wa kusafisha. Mtu anaona kuvu kwenye rafu za mbao, anamwaga dawa yenye klorini. Klorini ikikutana na mbao huweza kuacha viambata ambavyo baadhi ya kuvu huvigeuza kuwa trikloroanisoli, ile harufu ya gazeti lililolowa ambayo tumezoea kukilaumu kizibo peke yake. Ndiyo sababu viwanda vingi vya mvinyo viliacha klorini. Tumia sabuni na maji ya moto, kisha hewa ipite. Makopo ya rangi na ya mafuta nayo yahamishwe.

Dhana: Kila mvinyo hunoga ukikaa.

Sehemu kubwa ya mvinyo unaouzwa hutengenezwa unywewe ndani ya miaka michache. Chupa nyepesi yenye harufu ya matunda ukiificha miaka kumi, utakachokuta ni matunda yaliyokwisha nguvu. Mwaka 2010 wapiga mbizi walikuta chupa 168 za shampeni katika meli iliyozama karibu na visiwa vya Åland, Finland, zikiwa zimekaa takribani miaka 170 katika giza na baridi ya kina cha mita 50 hivi. Hifadhi bora kuliko hiyo huipati nyumbani. Hata hivyo, baadhi ziliingiwa na maji ya bahari, na walioonja walisema harufu ya kwanza ilikumbusha manyoya ya mnyama yaliyolowa, kabla hewa haijaisaidia ikawa ya moshi na ngozi. Kudumu ni jambo moja, kunoga ni jingine.

Kuhusu mtikisiko wa mashine ya kufulia, maneno ni mengi kuliko ushahidi. Kero ya hakika ni mashapo kutibuka katika chupa za zamani. Mwanga, kinyume chake, hudharauliwa mno. Taa kali au kidirisha kidogo kinachopitisha jua hutosha kuipa chupa ya kioo cheupe harufu ya kabichi iliyochemshwa, na kwa mvinyo mwepesi haihitaji muda mrefu. Zima taa, au funika chupa kwa kitambaa.

Na chupa iliyokwisha kufunguliwa haina kazi huko chini. Irudishie kizibo, iingize kwenye friji, uimalize ndani ya siku tatu nne.