Je, mpiga piano ni lazima awe na vidole virefu?

Wengi wanaamini kwamba mtu hawezi kupiga piano kwenye kumbi kubwa, tuseme za Paris, kama hakuzaliwa na mikono mipana na vidole virefu. Imani hiyo haikuzuka hivi hivi: baadhi ya wapigaji mashuhuri kweli walikuwa na mikono mikubwa, na zipo tungo zinazokuwa rahisi zaidi kwa mikono hiyo.

Lakini chukua rula. Oktava moja, yaani vibao vyeupe vinane, ina upana wa takriban sentimita 19 kutoka ukingo hadi ukingo. Tandaza kiganja mezani, upime kutoka ncha ya kidole gumba hadi ya kidole cha mwisho. Watu wazima wengi wanafika.

Mkono usipofika, mpigaji hugonga noti ya chini kwanza, huiacha iendelee kulia kwa kukanyaga pedali, kisha huhamia juu. Kwa muda mrefu Wafaransa walithamini sana upigaji waliouita wa lulu: kila noti nyepesi, safi, imejitenga na jirani yake kama shanga kwenye uzi. Wepesi huo ni wa mazoezi ya miaka mingi. Urefu wa kidole hauuleti. Kibao chenyewe huzama sentimita moja tu, na gramu 50 hivi hutosha kukishusha.

Ukitazama video ya onyesho, zima sauti kwanza. Usiangalie vidole, angalia kifundo cha mkono kinavyozunguka na kusogea.