Kabla ya Kusaini na Juco, Wafuate Wanariadha wa Mwaka wa Pili

Matokeo ya KCSE yakishatangazwa, simu yangu hujaa picha za barua za ufadhili. Zinatoka vyuo vya miaka miwili vya Marekani, vile ambavyo wakimbiaji wa Iten na Kapsabet huviita juco, na swali la mzazi huwa lilelile: "Kocha, hiki chuo ni kizuri?" Kazi yangu ni kuwasaidia vijana na wazazi wao kulijibu swali hilo kabla kalamu haijagusa karatasi. Mataji ya chuo huwa nayaweka kando kwanza. Ninachotaka kujua ni mahali walipo leo wale waliokuwa mwaka wa pili pale msimu uliopita.

Nashikilia hilo kwa sababu juco haina mwaka wa tatu. NJCAA, chama kilichoundwa mwaka 1938 kusimamia michezo ya vyuo hivi, humpa mwanariadha misimu miwili tu katika mchezo wake. Ikiisha, lazima uwe na pa kwenda. Sally Kipyego, binti wa Marakwet, alianzia South Plains College kule Levelland, Texas, akahamia Texas Tech iliyo jirani tu pale Lubbock, akatwaa mataji tisa ya NCAA, chama cha michezo ya vyuo vikuu, na kuhitimu uuguzi. Mwaka 2012 alishinda medali ya fedha ya mita 10,000 katika Olimpiki ya London. Vijana wengi hunitajia medali hiyo. Mimi huwaonyesha ile hatua ya kutoka Levelland kwenda Lubbock, kwa kuwa hapo ndipo wengi hukwama.

Kuwafuata wanariadha hakuhitaji kufahamiana na mtu. Fungua tovuti ya TFRRS, inayohifadhi matokeo ya riadha ya vyuo vya Marekani, utafute chuo chako. Chagua msimu wa miaka miwili iliyopita, uandike kwenye karatasi majina ya wote waliokuwa mwaka wa kwanza katika mbio za kati na ndefu. Kisha nenda jina kwa jina. Je, alirudi mwaka wa pili? Muda wake wa mita 5,000 ulipungua au uliongezeka? Baada ya hapo anaonekana akivaa jezi ya chuo kikuu gani? Ukikuta majina mengi yanakoma baada ya msimu mmoja, umepata swali la kumwuliza kocha. Kuna anayeumia na kuna anayeshindwa masomo, hayo ni ya kawaida. Lakini kocha anayewajali watu wake atakueleza kila mmoja alipatwa na nini, bila kubabaika.

Ukiwa humo humo, angalia ratiba ya mashindano makubwa. Katika mashindano ya taifa mshindi huiletea timu pointi 10, na Mkenya mwenye pumzi ni hazina ya pointi. Nimeona kurasa ambapo mkimbiaji mmoja, ndani ya siku tatu, amekimbia mita 10,000, mita 3,000 kuruka viunzi na maji, mchujo wa mita 1,500, kisha mita 5,000. Mara moja kwa mwaka, kwa ridhaa yake, sina neno. Lakini akipangiwa hivyo kuanzia Machi, halafu msimu wa pili muda wake ukaanza kudorora, naona mtu anayetumiwa. Chuo kikuu kitakachomtaka baadaye kitaangalia muda wake. Pointi alizoiachia juco hakina haja nazo.

Idara ya Elimu ya Marekani nayo ina hazina mbili za takwimu za bure. College Navigator huonyesha ni wangapi walihitimu na wangapi walihamia vyuo vingine. Isome kwa uangalifu, kwani inawahesabu wanafunzi wote, hata wasiogusa kiatu cha mbio. Nyingine ni ya matumizi ya michezo, inayojulikana kama EADA: utaona chuo kina wanariadha wangapi, makocha wangapi, na fedha kiasi gani zinaenda kwa kila mchezo. Mimi hutazama hasa idadi ya wakimbiaji kwa kila kocha.

Sasa masomo, na hapa naomba mzazi asome pamoja na mtoto. Kabla ya kuondoka Kenya, jisajili na kituo cha NCAA cha kuthibitisha sifa ili ujue kama matokeo yako ya sekondari yanakufanya mwenye sifa kamili za Divisheni ya Kwanza, ngazi yake ya juu kabisa. Mwenye sifa kamili anaweza kuhama hata baada ya muhula mmoja, akiwa na wastani wa alama 2.5 na angalau krediti 12 (vipimo vya kozi ulizofaulu) zinazohamishika kwa kila muhula. Asiye nazo lazima ahitimu kabisa juco, akae mihula mitatu au zaidi, akusanye krediti 48 zinazohamishika, zikiwemo 6 za Kiingereza, 3 za hisabati na 3 za sayansi. Neno "zinazohamishika" ndilo lenye uzito. Kuna kozi nyepesi zinazokubakisha uwanjani, kisha chuo kikuu kinazikataa. Mwulize kocha akutumie mfano wa kozi za mwaka wa kwanza za mwanariadha wake, upeleke orodha hiyo kwa chuo kikuu unachokitamani.

Tena, miaka mitano ambayo Divisheni ya Kwanza ya NCAA humpa mwanariadha kumaliza misimu yake huanza kuhesabiwa siku unapojiunga na chuo chochote kwa masomo ya kutwa, hata kama chuo hicho kiko Kenya. Aliyekaa mwaka mmoja Eldoret chuoni ameshautumia mwaka huo. Kesi ya Diego Pavia, mchezaji wa futiboli ya Kimarekani aliyepitia juco, ilitikisa kanuni hizi Desemba 2024 pale jaji alipomruhusu kucheza msimu zaidi. Nafurahi kwa ajili yake, lakini usipange maisha yako juu ya kesi ya mtu mwingine. Na tangu mwaka 2025, vyuo vikuu vilivyokubali utaratibu mpya wa kuwalipa wanariadha vimewekewa kikomo cha wakimbiaji 17 katika mbio za nyika na wanariadha 45 katika riadha. Nafasi zimebana, kwa hiyo orodha ya waliohama kabla ya hapo haitoshi. Omba ya baada yake.

Kuhusu fedha: Divisheni ya Kwanza ya NJCAA inaruhusu ufadhili wa karo, bweni, chakula na vitabu, ya Pili inaishia kwenye karo, ada na vitabu, ya Tatu haitoi ufadhili wa michezo. Vyuo vya umma vya California viko chini ya chama kingine, navyo havitoi. Kumbuka "inaruhusu" haina maana ya "utapewa". Mzazi mmoja aliniletea barua iliyoandikwa juu kabisa "ufadhili kamili", na harambee ilikuwa imeshapangwa kwa ajili ya nauli tu. Tulipofungua fomu ya I-20, ile ya kuombea viza, sehemu ya gharama ilikuwa na maelfu ya dola za malazi, na sehemu ya vyanzo vya fedha ilionyesha kuwa familia ndiyo itakayozilipa. Barua ilimaanisha karo kamili. Siku hizi hiyo ndiyo karatasi ninayoiomba kwanza, kwani afisa wa ubalozi naye atasoma hiyohiyo. Ufadhili wenyewe ni wa mwaka mmoja wa masomo. Uliza kwa maandishi nini kitatokea ukivunjika mguu Oktoba, na bima ya afya inalipwa na nani.

Uliza pia kuhusu likizo. Mabweni mengi hufungwa Krismasi na kiangazi, ukumbi wa chakula nao hufungwa, na mwenye viza ya mwanafunzi ya F-1 haruhusiwi kwenda kuosha magari mjini ili apate kula. Kazi yake ni ya ndani ya chuo, isiyozidi saa 20 kwa wiki wakati wa muhula.

Mwisho, omba nambari ya Mkenya au Mganda aliye mwaka wa pili pale, umpigie yeye wakati kocha hayupo kwenye laini. Mwulize Desemba alilala wapi, nani alimpeleka hospitali mara ya mwisho, na vyuo vikuu vingapi vimeshamtafuta. Kocha akikataa kutoa hata nambari moja, mimi humwambia mzazi asisaini.