Bata mzinga wa Kimeksiko ndani ya chapati kavu

Watu wengi hapa Arusha humla bata mzinga mara moja kwa mwaka, Krismasi, na wanachokumbuka ni ukavu. Kidari kinachambuka kama pamba, halafu kinamwagiwa mchuzi wa mafuta ili kiteremke. Mimi nimefunga lanchi boksi za wageni wa safari kwa miaka mingi, na ninachopenda kukifunga kuliko vyote ni kidari hicho hicho, ndani ya chapati laini, pamoja na parachichi na kachumbari kali, kwa mtindo wa Meksiko. Ni chakula chepesi, na wepesi wake wote umo katika kuilinda nyama isikauke. Ikikauka tu, mkono utaenda kwenye chupa ya mafuta.

Ndege mwenyewe ni wa huko. Wenyeji wa Meksiko walimfuga karne nyingi kabla ya Wahispania kufika mwanzoni mwa karne ya 16, na mpaka leo humwita guajolote, jina lililotoka katika Kinahuatl. Nyanya, pilipili, maharage na parachichi navyo asili yake ni pande hizo. Ndiyo maana ukitoka Soko la Kilombero, au Tengeru siku ya Jumatano au Jumamosi, kikapu chako kinakuwa karibu kimekamilika.

Kidari kisicho na ngozi kina mafuta kidogo sana: katika gramu 100 zilizopikwa, protini ni kama gramu 30 na mafuta ni gramu 2 hivi. Kwa hiyo ukikizidishia moto hakina cha kukiokoa. Nusu kilo huikata vipande vya unene wa sentimita 2, nikavilaza kwenye lita moja ya maji baridi yenye vijiko 2 vya chakula vya chumvi, ndani ya friji, kwa saa 2 au 3. Chumvi huzilegeza protini za nyama, nazo zikipata moto hushika maji mengi zaidi. Baada ya hapo navifuta vikauke kabisa, navipaka binzari nyembamba, kitunguu saumu kilichotwangwa na pilipili manga. Ndimu naiweka mwisho, dakika chache kabla ya kupika, kwa sababu ikikaa sana ule ukali wake huikaza nyama.

Kikaango kiwe na moto wa wastani na kijiko kimoja cha chai cha mafuta, basi. Dakika 4 au 5 kila upande. Mwenye kipimajoto asubiri kifike nyuzi 74 katikati. Asiye nacho apasue kipande kinene kuliko vyote, aone maji yametoka angavu na nyama haina wekundu. Kisha toa, funika, na uiache dakika 10. Tafadhali usiruke hapa! Ukiikata ingali inachemka, maji yote uliyoyatunza yanabaki kwenye kibao. Ikishatulia, kata nyembamba kwa kukatisha nyuzi zake.

Chapati sasa. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta kina kalori 120 hivi, na chapati zetu za kusokota hupakwa mafuta ndani, kisha zikakaangwa. Hii haisokotwi. Vikombe 2 vya unga wa ngano, nusu kijiko cha chai cha chumvi, kijiko kimoja cha chakula cha mafuta, na maji ya moto kidogo kidogo hadi donge lilainike. Lifunike nusu saa, ligawe madonge 8, sukuma nyembamba kabisa, choma kwenye kikaango kikavu chenye moto mkali chini ya dakika moja kila upande. Zipange ndani ya kitambaa safi. Mvuke wake wenyewe utazilainisha.

Huwa naulizwa kama sembe inafaa. Haifai. Mahindi ya tortila, zile chapati za mahindi za Meksiko, huchemshwa kwanza kwa maji ya chokaa, ganda likalegea na unga ukapata mnato. Sembe na dona hazipitii hapo, na ukiikunja inapasuka.

Ndani: paka parachichi lililopondwa kwa ndimu na chumvi, kwanza kabisa, maana linazuia majimaji yasiifikie chapati. Maharage kidogo (hapa juu, mita 1,400 hivi, maji huchemka kwenye nyuzi 95 au karibu, kwa hiyo yanachelewa kuiva; yaloweke usiku kucha kabla ya kuyachemsha). Nyama. Kachumbari ya nyanya zilizotolewa mbegu, kitunguu, giligilani na pilipili mbuzi. Mtindi mzito kijiko kimoja. Kunja pembe mbili, kisha viringisha kwa kukaza.

Kama ni cha kubeba, nyama ipoe na ilale kwenye friji, kachumbari isafiri kwenye kikopo chake, na vyote vikae kwenye boksi la barafu hadi saa ya kula. Mapaja na mifupa yaliyobaki yaende kwenye sufuria ya supu, jioni hiyo hiyo.