Habu za manyuo kwenye Jimny: maneno ya gereji na ukweli wenyewe

Masika yakikaribia tu, wenye Suzuki ndogo wanaanza kuulizana habari ya kung'oa habu za vakyumu (vile vifungio vya katikati ya tairi za mbele vinavyofungwa na mvuto wa hewa wa injini) na kuweka za manyuo (za kuzungusha kwa mkono), na kila mwaka majibu ni yaleyale, nusu yake si kweli, na kuna watu wanaua transfa (giaboksi ya pili inayogawa nguvu mbele na nyuma) kwa kusikiliza maneno ya gereji. Mimi natumia Jimny njia za huko juu Lushoto, lile tope jekundu linaloteleza kama sabuni, habu za manyuo nimefunga na sijutii hata kidogo, ila nataka mtu afunge akijua anafunga kitu gani.

Naanza na ile inayozaa zingine zote. Watu wanaamini ukizungusha habu ikakaa LOCK basi fowili (tairi zote nne kuvuta) imeingia. Haijaingia! Habu kazi yake ni moja, kuunganisha tairi la mbele na shafti inayotoka kwenye difu, ile giya inayogawa mzunguko kwa tairi la kushoto na la kulia. Ikiwa FREE tairi linazunguka peke yake na shafti imetulia, ikiwa LOCK vinazunguka pamoja, basi, imeishia hapo. Nguvu ya injini kufika mbele ni kazi ya transfa, ile giya ndogo ya pembeni au ile swichi ya kwenye dashibodi kwa baadhi ya Jimny zilizokuja baadaye. Kwa hiyo lazima vyote viwili viwepo. Ndiyo maana utamkuta mtu amenasa, taa ya 4WD inawaka, tairi za nyuma zinachimba kaburi na za mbele zimelala kabisa, analaumu gari kumbe habu hajazifunga.

Na kuna wanaosema ukifunga moja inatosha, hasa ile nyingine ikiwa imegoma kuzunguka. Hii ni hatari kwa sababu mtu anaingia kwenye tope akiamini ana fowili. Difu ya kawaida inapeleka mzunguko penye wepesi, sasa upande ulioacha FREE hauna mzigo wowote, shafti ya upande huo itazunguka bure na tairi la upande wa pili halitapata kitu cha maana. Yaani moja ni sawasawa na sifuri. Habu ikigoma usiikamatie plaizi, utaivunja kitasa, hakikisha transfa iko 2H (nyuma tu ndiyo inavuta), sogeza gari mbele na nyuma kidogo meno yakae sawa, kisha jaribu tena kwa mkono. Na hii ya kurudi nyuma mita kadhaa ili habu ziachie ni ya habu za otomatiki za zamani, za manyuo zinaachia kwa mkono wako tu.

Halafu difu loki, kile kifaa kinacholazimisha tairi mbili za ekseli moja zizunguke pamoja. Sijui nani alianza kuichanganya na habu, nadhani ni hilo neno LOCK lenyewe. Habu zikiwa zimefungwa difu yako ya mbele bado ni ileile ya wazi, tairi moja la mbele likining'inia hewani ndilo litakalozunguka. Atakayekuuzia habu kwa bei ya difu loki mkimbie.

Sasa lami. "Usitembee lami habu zikiwa LOCK utapasua giaboksi." Hapana wadau. Habu LOCK na transfa 2H hakuna kinachopasuka, ni shafti, difu na propela ya mbele (ule mhimili wa kutoka transfa hadi difu) tu zinazunguka zikifuata tairi. Gari za fowili nyingi zina habu ambazo hazifunguki kabisa na zinatembea lami miaka yote. Kinachoua ni 4H (transfa ikiwa kwenye fowili ya kawaida) kwenye lami kavu, kwa sababu Jimny na Samurai (Suzuki ndogo ya zamani) hazina difu ya katikati ya kuruhusu mbele na nyuma zizunguke tofauti, ukikata kona tairi za mbele zinatembea umbali tofauti na za nyuma na ule mvutano hauna pa kutokea, unausikia usukani unakuwa mzito na gari kama inashikiliwa breki. Mimi masika yote habu zinakaa LOCK, natoka Mombo kwenye lami, nikifika kwenye tope naingiza tu transfa bila kushuka kwenye mvua.

Na hii inanipeleka kwenye kosa linaloniuma zaidi maana ndilo linalokula hela. Mtu amefunga habu za manyuo, ziko FREE, yuko spidi 60, anabonyeza 4WD kama alivyozoea zamani. Ule mfumo wa Suzuki unaruhusu kuingiza 4H gari ikitembea, lakini wewe habu zako ziko FREE, propela ya mbele imesimama kabisa, transfa inalazimika kushikanisha chuma kinachozunguka na chuma kilichosimama. Huo mlio ukiusikia mara moja hutausahau. Habu zikiwa FREE usiguse transfa gari ikitembea. Simama, shuka, funga zote mbili, kisha ingiza. Low, ile fowili ya taratibu yenye nguvu zaidi, unaingiza ukiwa umesimama siku zote.

Mafuta je? Wengi wananunua kwa sababu hiyo na ukweli ni kwamba kwenye Jimny ya vakyumu hutaokoa chochote, kwa sababu zile nazo zinaachia tairi ukiwa 2H! Faida ya mafuta, tena ndogo, ni kwa gari ambayo mbele ilikuwa inazunguka muda wote. Wazo lenyewe lilitokea huko, Arthur Warn alianza kutengeneza habu hizi Marekani mwaka 1948 kwa ajili ya zile Jeep za jeshi zilizobaki baada ya vita ili zitembee vizuri barabarani. Sababu halisi ya kubadilisha kwenye Jimny ni uhakika. Vakyumu inatoka kwenye injini, inapita kwenye valvu na mipira mpaka kwenye tairi, mpira ukipasuka au sili ikichoka hewa inavuja, habu haishiki, taa inapepesa, na sili mbovu ukiwa mtoni inaweza kuvuta maji na matope ndani kwenye beringi. Kama mfumo wako wa vakyumu ni mzima na unapita njia za kawaida, kaa nao, sioni haja.

Kwenye kufunga, fundi asikutishe kwamba lazima afumue tairi lote na beringi. Ni boliti sita kila upande, habu ya zamani inatoka, mpya inaingia, gasketi mpya, na ile saklipi (kipete cha chuma) ya mwisho wa shafti kama yako inayo irudi vizuri kwenye mfereji wake, hiyo ikikaa vibaya shafti itacheza. Hesabu meno ya shafti kabla hujalipa hela, habu za Suzuki na za Toyota haziingiliani hata kama kwa macho zinafanana. Boliti zikazwe kwa spana ya kipimo, na urudi kuzikaza tena baada ya siku chache za rafu rodi, zinalegea. Mipira ya vakyumu usiikate ukaiacha wazi, injini itavuta hewa, na kile kipaipu kilichobaki upande wa tairi kitavuta maji kwenda kwenye beringi. Ziba pande zote mbili. Ukiziba mpira vizuri karibu na tairi, mfumo unaona vakyumu ipo na taa inawaka kawaida bila kupepesa, ila kumbuka taa hiyo haijui tena chochote kuhusu habu, inakuambia habari ya transfa tu.

Grisi. Jamani grisi! Fundi mmoja alinijazia habu mpaka ikafurika, akaniambia ndiyo itadumu. Asubuhi ya baridi kule milimani kitasa kilizunguka lakini gia ya ndani haikusogea, grisi imeshikilia, nikapanda mlima nikidhani nina fowili. Ilibidi niifungue, niifute yote, nipake ule utando mwembamba tu. Beringi ndiyo inajazwa grisi, habu inapakwa.

Kwa wenye RAV4 na gari za fulltaimu (fowili muda wote), hizi habu si zenu. Gari yenye difu ya katikati ukiweka habu ukaziacha FREE, nguvu yote inakimbilia mbele kusiko na mzigo na gari haiondoki mpaka ufunge hiyo difu. Na kwa wenye Jimny inayotetemesha usukani ukifika 70 au 80, usinunue habu kutibu hilo, angalia beringi za kingipini (pale tairi la mbele linapogeukia), tai rodi na balansi ya tairi.

La mwisho, usiziache FREE kiangazi chote. Difu na sili za mbele zisipozunguka zinakauka, na shafti hazipati mafuta. Mimi kila mwezi nazifunga nikatembea kilomita kama 15, transfa ikiwa 2H, na siku hiyohiyo ndiyo nazungusha vitasa mara mbili tatu kuhakikisha vumbi halijavigandisha.