Puti kwenye modeli za plastiki: ufa ndio unaochagua

Tuanze na hesabu. Umeunganisha modeli ya Spitfire, ndege ya kivita ya Uingereza, kwa skeli ya 1/72 (ndogo mara 72 kuliko halisi), na pale bawa linapokutana na kiwiliwili umebakiwa na ufa wa nusu milimita. Kwenye ndege halisi ufa huo ungekuwa na upana wa milimita 36. Vidole viwili vinaingia. Rangi haiufichi, inauanika. Basi puti, yaani dawa ya kujazia nyufa, inahitajika, ila mengi yanayosemwa kuihusu yatakuharibia kazi.

"Puti ni puti, chukua yoyote."
Hii ndiyo iliyonitoa jasho mimi. Puti ya kijivu ya tyubu, kama Tamiya Basic, hukauka kwa thina yake kuruka hewani. Thina ikiondoka, puti inasinyaa. Na kabla haijaondoka, inalainisha plastiki iliyo chini. Kwa mkwaruzo hiyo ni sifa, maana inashika barabara. Kwa ufa mpana na wa kina ni balaa. Nilishindilia ufa mzima wa bawa kwa mkupuo mmoja, nikapiga msasa jioni ileile, nikapaka rangi. Baada ya wiki mbili mfereji umerudi, kama barabara iliyochimbwa kupitisha bomba la maji ikafukiwa kijuujuu.

Ukitumia ya tyubu, weka tabaka jembamba, acha usiku kucha, kisha ongeza. Ufa mkubwa zaidi unataka epoksi ya sehemu mbili, yaani puti inayoganda baada ya kuchanganywa. Milliput, inayotengenezwa Wales, unakata vipande viwili vilivyo sawa, unakanda kama dakika tano mpaka rangi iwe moja, unajaza, unasawazisha kwa kidole kilicholowa maji. Baada ya saa tatu au nne imekuwa ngumu, na haikusinyaa. Na kama ufa unapitisha ukucha, chomeka kwanza ukanda wa plastiki, ubandike, ndipo ufikirie puti.

"Puti ya gereji ni ileile, tena bei nafuu."
Ile ya bodi ya gari, ya kuchanganya na hadena (dawa ya kuigandisha), ina kemikali ya stireni, na stireni inaweza kuila polistireni, yaani plastiki ya modeli yako. Halafu inaganda kwa dakika chache, kabla hujamaliza hata upande mmoja.

"Supagluu ni ya kubandika tu."
Kumbe ni kizibo kizuri sana kwa ufa mwembamba, kwa sababu haisinyai. Sharti ni muda. Ipige msasa ndani ya saa moja hivi. Ukiilaza hadi asubuhi inakuwa ngumu kuliko plastiki, msasa unakula pembeni na katikati panabaki tuta. Isogeze mbali na kioo cha rubani pia. Mvuke wake huacha ukungu mweupe.

"Puti ya maji haina nguvu."
Haina, na kuna mahali ambapo huo ndio uzuri wake. Puti ya akriliki ya Vallejo unaipaka kando ya kioo au kwenye shina la bawa, kisha unafuta ziada kwa pamba ya masikio yenye unyevu. Hakuna msasa, kwa hiyo ribiti (vichwa vya misumari ya mabati) na mistari ya jirani vinasalimika. Usiipeleke tu mahali pa kusuguliwa, hung'oka vipande vipande.

"Kila mstari uzibwe."
Hapana jamani. Mistari mingi ni maungio halisi ya mabati ya ndege. Wa kuzibwa ni ule wa kiwanda cha modeli, hasa unaopita mgongoni pale nusu mbili za kiwiliwili zinapokutana. Tazama picha za ndege yenyewe kabla ya kufungua tyubu.

"Kidole kikipita laini, kazi imekwisha."
Kidole ni shahidi mwongo, na puti yenye rangi tofauti na plastiki inamsaidia kudanganya. Anza na msasa wa namba 400, panda hadi 1000 ulio laini zaidi, kisha pulizia praima (rangi ya kwanza) ya kijivu, uielekeze modeli kwenye mwanga wa dirisha. Mimi hukuta kitundu kimoja cha hewa karibu kila mara, aghalabu chini ya tumbo ambako hakuna atakayechungulia. Nakiziba.