Si kweli kwamba noti ya 440 iliharibu muziki wa klasiki

Ujumbe huu hauishi kuzunguka kwenye magrupu: eti watunzi wa zamani wa Ulaya waliseti noti ya La (A), ile ambayo ala zote husetiwa kwayo, kwa mitetemo 432 kwa sekunde, namba ya uponyaji, kisha watu waovu wakaipandisha hadi 440 ili kututia wasiwasi.

Zamani hapakuwa na namba moja. Kila mji, hata kila kinanda cha kanisa, kilikuwa na kimo chake cha sauti. 440 ilipendekezwa Stuttgart, Ujerumani, mwaka 1834. Ufaransa ikachagua 435 mwaka 1859. Mkutano wa London wa 1939 ulirudi kwenye 440 ili ala za nchi mbalimbali zilingane, basi.

Na hata leo haifuatwi kila mahali. Pakua programu ya bure ya kusetia gitaa, fungua video ya tamasha la okestra, uisogeze simu pale obo (ala ya kupuliza) inapotoa ile La ndefu kabla ya onyesho. Kwa okestra za Ujerumani mara nyingi utasoma 442 au 443. Kwa vikundi vya ala za kale, 415.

Mkanganyiko una chanzo: Italia kweli iliitaka 432 miaka ya 1880, ila kwa kuwahurumia waimbaji wa opera. Zile video za “sikia tofauti” nazo hushusha sauti kwa takriban theluthi ya nusu toni tu (nusu toni ni hatua kati ya vitufe viwili jirani vya piano); ukishaambiwa inatuliza, utatulia. (Sekunde yenyewe, kumbuka, ni kipimo cha binadamu, kwa hiyo 432 kwa sekunde si namba ya asili.)

Ukiletewa tena, usiusambaze. Muulize aliyeutuma kama amepima.